Jumamosi Aliyokataa Kuniombea

Mimi ni mtu wa kuogopa mapema. Simu ikilia kutoka nyumbani saa isiyo ya kawaida, kabla sijaipokea nimeshazika mtu, nimeshapika chai ya matanga na nimeshagombana na mashemeji kuhusu jeneza. Nilizaliwa hivyo, na miaka minne ya kazi hapa Doha haijanibadilisha hata chembe. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo anapangiwa chumba kimoja na mwanamke ambaye kila alfajiri, kabla hajashusha mguu kitandani, anamshukuru Mungu kwa kumrudishia roho yake. Mimi natafuta kandambili huku nikimlaani aliyebuni shifti ya kwanza, na kitanda cha pili mtu anashukuru. Mwezi wa kwanza nilidhani atachoka. Hakuchoka.

Jengo letu la wafanyakazi liko Muaither na hoteli tunayofanyia kazi iko Lusail, kwa hiyo siku yetu huanza na kwisha ndani ya basi. Wote wawili tuko upande wa kufua nguo. Yeye anasimama kwenye mashine kubwa ya pasi, ile inayomeza shuka bichi upande huu na kulitema limenyooka upande ule. Mimi nina meza yangu ya cherehani pembeni: vifungo, kola, pindo za mapazia, na soksi za wageni ambao hawajui kwamba soksi ikitoboka hutupwa. Yeye ni Mganda, wa vilima vya upande wa Mbale. Mimi ni wa Voi.

Mwaka mzima tulimwita Msabato. Tuliona tu kwamba hafanyi kazi Jumamosi, na kwetu mtu wa namna hiyo anajulikana ni nani. Wakenya wenzangu walimuuliza anaimba sauti gani kwenye kwaya. Wengine walimsema kwa sababu hatukuwahi kumwona Mesaimeer, kule kwenye makanisa ambako sisi Wakristo wa Afrika Mashariki hukutana kila Ijumaa. Mimi nilishaamua kwamba amerudi nyuma kiimani, nikawa namwachia vikaratasi vya mahubiri juu ya mto wake. Alivisoma vyote, akavikunja vizuri, akanirudishia na kusema asante.

Aliyejua ukweli ni supavaiza wetu, mzee wa Unguja mwenye ndevu nyeupe na adabu za kizamani. Alikuwa ameelewana na mwenzangu: mwenzangu afanye kazi kila Ijumaa mpaka saa tisa bila kukosa, ili Waislamu waende kuswali na sisi twende Mesaimeer, na Jumamosi iwe yake. Siku mwenzangu alipomweleza kwamba yeye ni Myahudi, kwamba kwao kuna vijiji vya Wayahudi Waafrika tangu enzi za babu wa babu yake, mzee alipapasa ndevu zake. Kisha akamuuliza kama anakula nguruwe. Akasema hali. Akamuuliza juu ya damu. Akasema hali. "Basi, bibie, sisi jikoni hatuna ugomvi," mzee akasema, akamwandikia Jumamosi yake kwenye ratiba. Hakumwambia mtu, na mwenzangu naye hakujificha wala hakujitangaza.

Sisi wengine tulijua siku mama yake alipofariki.

Habari ilimfikia kazini, mchana, kwa simu ya kaka yake. Nilimwona akisikiliza, nikamwona akizima mashine. Alikuja kwenye meza yangu, akachukua mkasi wangu bila kuuliza, akasimama wima na kutamka maneno ambayo sikuyaelewa. Halafu akakata kola ya sare yake kidogo, upande wa kushoto, akaishika kwa mikono miwili na kuichana hadi kifuani. Sauti ya kitambaa kikichanika naijua, ndiyo kazi yangu, lakini ile ilinitia baridi. Baadaye aliniambia yale maneno yalikuwa ya kumbariki Mungu, Hakimu wa kweli. Mama amekufa, na mtu anambariki Mungu! Nilidhani amerukwa na akili.

Hakuweza kusafiri, kwani kwao maiti hazikwi kwa kungojewa, na kabla hajaomba ruhusa mama alishawekwa kaburini. Kwa siku saba, kila wakati wa mapumziko, sisi tulikaa kwenye viti na yeye alikaa chini, juu ya kreti la sabuni lililopinduliwa. Tulimletea chai pale pale. Alikuwa analia, anakunywa, anatusimulia mama yake alivyokuwa mkali kwa kuku wa jirani.

Nami nikaona nimfanyie wema. Ilinitia aibu kuona mwenzangu anazunguka na sare iliyochanika kifuani, na fundi ni mimi. Jioni moja akiwa bafuni niliichukua ile sare, nikaishona kwa mshono wa siri, uzi wa rangi ile ile, kola juu ya kola. Sijawahi kushona kitu vizuri namna ile. Nikaitundika nikingojea asante yangu.

Alipoiona alifunika mdomo. Ndipo aliponieleza, polepole kama mtu anayemwongelesha mtoto asimtishe, kwamba vazi lililochanwa kwa ajili ya mzazi halishonwi likapona. Baada ya mwezi unaweza kulishikiza kwa nyuzi chache, ovyo ovyo, na alama ibaki. Mimi nilikuwa nimemfutia mama yake. Nilikaa kitandani na sindano, nikaanza kufumua kazi yangu uzi kwa uzi, machozi yananitoka kwa aibu, na yeye amesimama juu yangu. Nikasikia anacheka. Alicheka huku analia, mpaka akashika ukuta.

"Banange, nyabo," akasema, yaani jamani, bibie, kwa Kiganda chake, "umeshona vizuri hata mimi mwenyewe siwezi kuona pale nilipasua!"

Urafiki wetu ulianzia hapo, na hapo ndipo nilipoacha kumwita Msabato.

Nilijifunza mambo mengi ya ajabu kwa mtu huyu. Wazee wao wanataka mtu afikishe baraka mia kwa siku, na yeye alikuwa anajitahidi. Akila tunda anabariki. Akisikia radi, na Doha radi ni mara chache, anabariki. Akitoka msalani ananawa mikono, anasimama nje ya mlango na kumshukuru Mungu kwa kuumba matundu na mirija ya mwili, kwa maana moja likiziba au likifunguka mahali pasipostahili, hatuwezi kusimama hata saa moja. Korido nzima ilivunjika mbavu. Nilimtania kwamba kwetu Voi tunamshukuru Mungu kwa mvua, si kwa choo.

"Siku ikikataa kutoka," akanijibu, "utaniambia kipi kikubwa."

Siku moja nilimuuliza, kwa ukali kidogo, kama shukrani zote hizi si kujidanganya. Alikuwa anakunja nguo. Akasema kwamba kushukuru si kusema mambo ni mazuri. Babu yake aliomba Mungu kwenye zizi la mbuzi wakati wa yule jenerali aliyepiga marufuku dini yao, na kitabu chao walikificha kwenye gunia la maharage. Hakuna aliyesema ni vizuri. Lakini kila Ijumaa jua likielekea kuzama, bibi yake alitandika kitambaa cheupe mezani, hata kama cha kuweka juu yake ni muhogo mtupu, na watoto walikatazwa kununa. Jirani akamuuliza babu anasherehekea nini na askari wako barabarani.

"Babu alisema askari wamechukua siku sita," akaniambia. "Hii ya saba hawaipati."

Maneno hayo niliyasikia kwa sikio moja tu, maana yalikuwa ya watu wengine na zama nyingine. Yalinirudia wiki ile ya picha ya kifua.

Kila mwaka hoteli hutupeleka kupimwa afya: damu, mkojo, haya nenda. Mwaka huu waliongeza picha ya kifua, na siku mbili baada ya kupimwa supavaiza aliniita pembeni na kuniambia zahanati wanataka nirudi. Ilikuwa Alhamisi. Wakanipiga picha nyingine, wakachukua makohozi yangu, na daktari, mama mmoja wa Kisudani mwenye miwani, akanionyesha kwenye kioo. Upande wa kulia, juu kidogo, kulikuwa na kidoa cheupe. Akasema hawezi kusema ni nini kabla ya majibu ya makohozi, na kabla hajapata picha yangu ya zamani, ile niliyopigwa nilipoingia nchini. Nije Jumapili. Alisema kwa upole, na upole wa daktari ndio unaoniogopesha kuliko kitu chochote.

Lazima nieleze kwa nini kidoa kile kilinitisha. Mama yangu alikufa kwa kifua nilipokuwa na miaka minane. Nakumbuka kikohozi chake kuliko ninavyokumbuka sura yake. Na binti yangu, anayeishi na dada yangu kule Voi, ana miaka minane. Wiki tatu baadaye nilikuwa nasafiri kwa likizo kumwona, baada ya miaka miwili ya kumbusu kwenye simu. Sanduku lilikuwa limeshajaa chini ya kitanda. Kama kidoa kile kilikuwa kifua kikuu, nisingesafiri, na huenda ningepoteza kazi. Kama kilikuwa kile kingine ambacho hata daktari hakukitaja, basi mtoto wangu alikuwa anaanza njia niliyoipita mimi. Nilikaa kwenye basi kutoka zahanati nikiona kila kitu, hadi nani atamshika mkono makaburini.

Nilimwambia mwenzangu peke yake. Alinishika bega, akauliza maswali mawili matatu ya maana, saa ngapi Jumapili, nani atakupeleka, akapanga nani ashike meza yangu Jumamosi na Jumapili. Hakusema usijali. Nilimshukuru kwa hilo.

Ijumaa nilikwenda Mesaimeer. Wamama wa maombi nikawaambia, maana siwezi kufunga mdomo nikiwa na hofu. Wakanizunguka, wakaniwekea mikono kichwani na mgongoni, wakalia, wakakemea, mmoja akaanguka. Mwingine, kwa nia njema kabisa, alininong'oneza kama nimeshaandika mahali nani atabaki na mtoto. Waliniombea kwa upendo na sina neno baya juu yao, lakini nilitoka pale nikiwa nusu maiti.

Nilirudi Muaither jua likikaribia kuzama. Nikafungua mlango, na chumba kilikuwa kimefanyiwa sherehe.

Alikuwa amepiga deki. Juu ya masanduku yetu mawili alikuwa ametandika kitambaa cheupe, kile cha meza ya hoteli kilichotupwa kwa sababu ya doa. Kulikuwa na chapati mbili zimefunikwa kwa leso, samaki wa kukaanga, glasi ya sharubati ya zabibu, na taa mbili ndogo za betri, kwa kuwa mishumaa imekatazwa vyumbani. Yeye mwenyewe alivaa gomesi yake ya bluu, lile vazi la kina mama wa Uganda, na mabega yamesimama kama masikio ya punda. Aliwasha zile taa, akafunika macho kwa viganja, akabariki, kisha akanigeukia akitabasamu.

Nikamwambia nimetoka kuombewa na sasa ni zamu yake. Nilimwambia aombe kwa Kiebrania, kwa Kiganda, kwa lugha yoyote aliyonayo, ila aombe sana.

"Sasa siwezi," akasema. "Sabato imeingia."

"Sabato imeingia, halafu?"

"Siku ya Sabato hatumpelekei Mungu shida zetu. Hatulii. Nyota tatu zikitoka kesho jioni nitaomba. Leo tunakula."

Hasira iliyonipanda hapo sijawahi kuwa nayo tangu nizaliwe. "Aki wewe! Mimi nakufa, na Mungu wako yuko off?"

"Hapana," akasema. "Mimi ndiyo niko off."

Nikapiga kelele. Nilimwambia ana roho ya jiwe, kwamba hata wale wa Mesaimeer wasionijua jina walinililia, na yeye ninayelala naye chumba kimoja anakaanga samaki. Nilisema mengine ambayo siyaandiki. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nyabo," akasema, "kama ungekuwa unakata roho, saa hii hii ningevunja Sabato. Ningepiga simu, ningepanda gari, ningekubeba mgongoni mpaka hospitali. Kwetu kuokoa mtu inashinda Sabato, hata rabi anakimbia. Lakini umesimama hapo unanitukana dakika kumi bila kukohoa. Hiyo si sauti ya mtu anakufa. Na Jumapili haijafika. Hakuna kitu tunaweza kufanya mpaka Jumapili. Kaa."

Nilikaa kwa sababu nilikuwa nimechoka. Aliniambia kwamba mgonjwa wanamtembelea hata siku ya Sabato, lakini wakifika kwake wanasema tu kwamba leo si siku ya kulia na uponyaji uko karibu, basi. Akaniwekea mikono kichwani. Nilikaza shingo kwa kuwa mikono ya siku ile ilikuwa imenitosha, lakini hii ilikuwa myepesi. Akanibariki niwe kama wale mama wa kwanza wa kwenye Biblia. Nikamwuliza kama hiyo si kuomba. Akasema hiyo ni baraka ambayo mama yake alimpa kila Ijumaa hadi alipoondoka nyumbani. Mimi kwa mama yangu sikumbuki kitu cha namna hiyo. Akaimba, akamega chapati, na nikashangaa kuona kwamba samaki anashuka.

Tangu Alhamisi nilikuwa nakaa na simu mkononi nikiuliza mtandao juu ya vidoa vyeupe kifuani, na mtandao haukuwahi kunipa jibu lenye huruma. Mwenzangu siku yake hagusi simu. Aliniambia mimi sikatazwi, si Myahudi, lakini nikianza kumsomea ataziba masikio. Basi Jumamosi asubuhi niliitupa kwenye droo, kwa kumkomoa. Nilitaka aone jinsi nitakavyoteseka mbele yake.

Siku ilienda kwa namna ambayo bado siielewi vizuri. Tulilala hadi saa tatu. Tulikula samaki baridi. Alinisimulia tena kuku wa jirani, na mimi nikamsimulia binti yangu alivyobishana na mwalimu kwamba punda milia ni punda aliyepakwa rangi. Mchana, baada ya joto kupungua kidogo, tulizunguka mitaa ya Muaither, ukuta hadi ukuta, hatuna pa kwenda wala cha kubeba. Kila mara hofu ilipoinua kichwa nilitaka kuisema, nikamwangalia, nikaona aibu kumharibia siku. Nikaiambia kesho. Nikapata usingizi wa mchana, mimi ambaye hulala kwa kujilazimisha. Nilipoamka jua limeshapiga ukuta wa pili, na niligundua kwamba kwa muda wa saa tatu nzima sikuwa mgonjwa. Sikuwa nimepona, daktari hakuwa amesema neno, na kidoa kilikuwa pale pale. Lakini saa tatu zile zilikuwa zangu, na hakuna aliyenipa ila yule niliyemwita jiwe.

Jioni alipanda darini, juu ya paa la jengo, kutafuta nyota zake, na vumbi la siku ile lilimchelewesha. Aliporudi alikuja moja kwa moja kwangu.

"Mama yako aliitwa nani?"

Nikamtazama. Akanieleza kwamba wakimwombea mgonjwa hawamtaji kwa baba yake, wanamtaja kwa jina la mama. Nilipofungua mdomo nililisema vibaya, kwa sababu nilikuwa sijalitamka kwa miaka mingi. Nyumbani baada ya matanga tulizoea kumwita marehemu tu. Nikalirudia. Yeye akalirudia baada yangu mara mbili ili asikosee, akarudi darini peke yake. Alikaa huko muda mrefu. Mimi nilibaki nikilisema lile jina, kwa sauti ndogo, na nililia, ila kilio hiki hakikuwa cha hofu.

Jumapili asubuhi mzee wa Unguja alinipa ruhusa kabla sijaomba, na gari la hoteli likanipeleka zahanati. Nilipoingia daktari alikuwa ameshaweka picha mbili kwenye kioo, bega kwa bega. Akaniambia makohozi ni safi. Kisha akaweka kalamu kwenye picha ya zamani, ya miaka minne iliyopita. Kidoa kilikuwepo. Mahali pale pale, ukubwa ule ule, na hakuna aliyekiona wakati ule. Akasema kitu ambacho hakikui kwa miaka minne hakina haraka na wewe.

"Ni kovu," akasema. "La zamani sana. Ulipokuwa mdogo, kuna mtu aliugua kifua nyumbani?"

"Mama yangu."

Akaitikia kwa kichwa. Akanieleza kwamba ugonjwa ule uliniingia na mimi, na mwili wangu ukaufunga humo ndani, ukaujengea ukuta. Nilishapona nikiwa mtoto, bila mtu kujua, hata mimi. "Khalas," akasema. "Mafi mushkila, hakuna tatizo." Akagonga muhuri kwenye karatasi, akaita mgonjwa mwingine.

Nilitoka nje nikasimama kwenye jua. Nilikuwa nacheka peke yangu na mlinzi wa geti akanitazama, nami nikamsalimia kana kwamba tumekua pamoja. Kifua kilinifunguka. Hewa ya moto ya Doha, ambayo naisema vibaya kila siku ya Mungu, niliivuta yote hadi mwisho wa mapafu, kushoto na kulia. Nilinunua chai ya karaki kwenye kibanda nikainywa na sukari yake yote. Nikampigia dada yangu, na kwa kuwa sikuwa nimemwambia chochote, alishangaa kwa nini nalia nikimwambia nakuja na nguo za shule. Nikapanda gari kwenda Lusail, na njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia mwenzangu. Nilijua atapiga vigelegele. Nilijua pia atapata baraka ya kusema kuhusu makovu, na nilikuwa tayari kuisikiliza yote.

Nilimkuta kwenye mashine ya pasi, mgongo kwangu, shuka limeingia nusu. Nikamwendea, nikapaza sauti juu ya ile kelele.

"Ni kovu! La zamani. Nilishapona!"

Hakupiga kigelegele. Alinyoosha mkono, akabonyeza kitufe chekundu, mashine ikasimama na shuka la watu mdomoni. Akanitazama kana kwamba hajanisikia, nikarudia. Aliketi sakafuni, juu ya rundo la taulo chafu, akafunika uso kwa aproni na kulia kwa kwikwi. Nilipiga magoti nikadhani amepata habari nyingine ya msiba.

"Nini? Wee, nini?"

"Tangu Alhamisi," akasema ndani ya aproni, "chakula hakiingii mimi."

"Lakini Ijumaa ulikula. Uliimba!"

"Ijumaa ilikuwa Sabato."

Sikuelewa, au nilielewa na sikutaka. Nikamuuliza kama naye alikuwa anaogopa. Alishusha aproni. Macho yalikuwa mekundu, na kwa karibu niliona yalikuwa mekundu tangu kabla ya leo.

"Nimezika mama yangu nikiwa hapa," akasema. "Na wewe nikuzike nikiwa hapa? Jana huko juu nimeomba mpaka sauti imepotea. Lakini nyabo, ungeniona naogopa, wewe ungelala?"

Mzee wa Unguja alitokea kwa sababu mashine ilikuwa kimya. Alitutazama, akaitazama karatasi yenye muhuri mkononi mwangu, akasoma, akamsifu Mungu kimya kimya. Hakutuuliza kitu. Alizunguka upande wa pili, akabonyeza kitufe, na kwa mikono yake ya uzee akaanza kulivuta lile shuka.

Nilikaa naye pale juu ya taulo, nimemkumbatia, mpaka kwikwi zake zilipotulia.